André the Giant dhidi ya Brock Lesnar: kura yangu

Mkuu, umeuliza nani angeshinda kama wanamieleka hawa wawili, André the Giant na Brock Lesnar, wangekutana ulingoni, kila mmoja akiwa kwenye ubora wake. Mimi nampa Lesnar.

Wengi wanamtazama André kwa umbo tu. Ni kweli alitangazwa kuwa na zaidi ya kilo 230, lakini uzito haumtishi Lesnar. Juni 2003 alipanda kamba za juu kwenye kona, akamkumbatia Big Show, mwanamieleka mwingine mwenye umbo la jitu, na kumvurumisha kwa nyuma. Walipotua, ulingo mzima ukaporomoka, kamba zikalegea. Nimeirudia ile video mara nyingi na bado nywele zinanisimama! Tena jamaa mieleka ya kweli anaijua: bingwa wa vyuo Marekani mwaka 2000, kisha bingwa wa uzito wa juu wa UFC (mashindano ya mapigano mchanganyiko) 2008.

Ila tafadhali, msimpime André kwa pambano la 1987 alipobebwa na mwanamieleka Hulk Hogan. Mgongo ulikuwa umeshaharibika, inaniuma watu wakimcheka. Yule wa miaka ya 1970, bado mwepesi, angemtoa Lesnar jasho.

Utabiri wangu: dakika ya 15, F-5 ya pili (pigo maarufu la Lesnar la kumbeba mtu mabegani na kumrusha chini), refa anahesabu hadi tatu.