Kutu kwenye springi: ushauri kwa fundi anayeanza

Ukianza kazi ya springi za mapande, zile za vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hapa Dodoma utaletewa Land Rover za zamani zilizozeekea mashambani, na utadhani adui ni kutu. Kutu ya juu juu haivunji springi. Inayoivunja ni mikono ya fundi anayeitoa kutu hiyo kwa moto au kwa asidi.

Chuma cha springi kiwandani kilipashwa moto, kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kipimo, ili kikipinda kirudi. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu, nguvu hiyo imekwenda. Gari litatoka gereji limesimama vizuri, baada ya safari chache limelala upande mmoja. Asidi ya betri nayo vijana wanaipenda kwa sababu inakula kutu bila jasho. Lakini inazalisha hidrojeni inayopenya kwenye chuma kigumu, na chuma hicho kinaweza kukatika ghafla bila hata kupinda kwanza. Kwa bati la bodi sitabishana nawe. Kwa springi, hapana.

Nati zimwagie dizeli jioni, ufungue asubuhi. Chasisi ikae kwenye stendi, usiamini jeki peke yake. Kabla hujagusa sentaboliti, ile boliti ya katikati inayoshika mapande pamoja, bana mapande yote kwa klampu, maana yakiachiwa yanafyatuka, na meno hayauzwi dukani. Andika kwa chaki kushoto na kulia: kwenye Land Rover hizo springi ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa kuliko mwenzake, ukizibadilisha gari litainama.

Katikati ya mapande utakuta udongo ulioshindiliwa. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili tu, ila tope la Bahi likishaingia humo linashika unyevu hata barabara ikishakauka. Kwangua, osha, kausha, kisha piga brashi ya waya. Vishimo vilivyobaki vipitie kwa msasa, ukisugua kufuata urefu wa pande. Mikwaruzo ya grainda inayokatisha upana huzaa nyufa, hasa uso wa juu, kwa kuwa gari likibeba mzigo uso huo ndio unaovutwa.

Sasa sehemu ninayoipenda. Paka pande lote mafuta ya taa, zaidi kuzunguka tundu la sentaboliti na kwenye macho, yale matundu ya ncha za springi. Acha yapenye, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Pande lenye mstari ni skrepa. Usilichomelee, hata mteja akikuapia kwamba kesho alfajiri anakwenda Kondoa. Vivyo hivyo pande lililoliwa mpaka likawa jembamba.

Praima ya zinki na rangi ziwe nyepesi. Rangi nene ikisagika katikati ya mapande, yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zinalegea. Grisi ya grafiti weka kidogo tu, kwa vumbi letu ikizidi inageuka msasa.

Sentaboliti na yuboliti nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Boliti za bushi za mpira, zile zinazopita kwenye macho, usizikaze gari likiwa juu. Lishushe kwanza litulie kwa uzito wake, la sivyo mpira utasokotwa na kuchanika mapema. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 500 ukaze yuboliti tena. Wengi hawarudi, kwa hiyo chukua namba yake umpigie.