Uvimbe wa ubavuni si ngiri ya kitovu
Dada, umeuliza kama uvimbe wa ubavuni wa mwanao ni ngiri ya kitovu, na kama umfunge sarafu juu yake kama ulivyoambiwa. Uvimbe unaotokeza ubavuni, kati ya mbavu na nyonga, mtoto wa miezi mitatu akilia kisha ukazama akitulia, unafanana sana na ngiri ya kiunoni, yaani vya ndani ya tumbo kusukumwa nje kupitia sehemu dhaifu ya misuli ya ubavuni. Ni nadra. Ile ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka 5. Hii ya kiunoni haijifungi, inataka upasuaji, na madaktari wengi hupendelea ufanyike kabla hajatimiza mwaka. Kwanza apimwe ultrasaundi na eksirei, maana baadhi huzaliwa pia na hitilafu za mbavu, uti wa mgongo au figo. Hiyo sarafu uliyoambiwa umfunge, achana nayo, itamchubua ngozi tu. Uvimbe ukiwa mgumu na haurudi, au akitapika kijani, msingoje kliniki: mpelekeni hospitali usiku huohuo.