Maswali na Majibu: Kabla Hujanunua Seti ya Kwanza ya Gofu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu ununuzi wa vifaa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi wanaoanza, na nimezifupisha.

Nimeamua kuanza gofu. Ni kampuni gani inayotengeneza fimbo bora kuliko zote? (Msomaji, Nairobi)

Swali hili huniijia mara kwa mara na jibu langu halijabadilika: hakuna. Kila kampuni kubwa hutengeneza fimbo zinazomfaa anayeanza na nyingine zinazomfaa bingwa peke yake, kwa hiyo jina lililochapwa kichwani mwa fimbo halikuambii lolote mpaka ujue ni toleo gani, lina urefu gani na shafti yake, yaani mpini wa fimbo, ina ugumu gani. Ninawaomba wasomaji wanaoniandikia wataje kimo chao, umri wao, mkono wanaotumia na fedha walizotenga, kwa kuwa bila hayo sina cha kujibu.

Je, ni lazima ninunue fimbo zote 14? Bei ya seti kamili imenishinda. (Msomaji, Dar es Salaam)

Si lazima. Kanuni ya 4.1 ya sheria za gofu inakataza kubeba zaidi ya fimbo 14, lakini haikuwekei kiwango cha chini. Kwa mwaka wako wa kwanza fimbo 7 zinatosha kabisa: wudi namba 5 (fimbo yenye kichwa kinene, ya mapigo marefu), hibridi (mchanganyiko wa wudi na aironi) yenye mwinamo wa uso wa digrii 24 hivi, aironi (fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma) namba 7 na namba 9, weji (aironi fupi yenye uso ulioinama sana) ya kukaribia grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, weji ya mchanga yenye digrii 56, na fimbo ya grini, ya kusukumia mpira shimoni.

Utaona kwamba sikutaja dreva, fimbo ya kupigia mpira mbali kuliko zote, na sikuisahau. Dreva ina shafti ndefu kuliko fimbo zote na uso usioinama sana, mara nyingi digrii 9 hadi 12, na mambo hayo mawili yanaifanya iwe fimbo ngumu kuliko zote kwa mtu ambaye bado hajajua kuupiga mpira katikati ya uso. Kosa dogo ambalo kwa aironi namba 9 lingeupeleka mpira pembeni kidogo, kwa dreva huupeleka msituni. Hata hivyo, dreva ndiyo fimbo ya kwanza kununuliwa na karibu kila anayeanza, tena kwa bei ambayo ingemlipia mwalimu masomo kadhaa. Ninasema bila kusita kwamba fedha za dreva mpya ni za mwalimu kwanza. Dreva utainunua baadaye, wakati mwalimu mwenyewe atakapokuambia kwamba umeifikia.

Hibridi nimeitaja kwa sababu ya viwanja vyetu. Katika nyanda za juu za Kenya wengi wenu mnacheza kwenye nyasi za kikuyu, ambazo zikiachwa kurefuka kidogo huikamata shingo ya aironi ndefu (zile zenye namba ndogo) na kuuzungusha uso wake kabla haujaufikia mpira. Hibridi huchukua nafasi yake, kwa hiyo aironi namba 3 na namba 4 hazina kazi kwenye mfuko wa mwanafunzi.

Mkiisha kuongeza fimbo, mzihesabu kabla ya kila mashindano. Katika raundi ya mwisho ya mashindano makubwa ya The Open mwaka 2001, pale Uingereza kwenye uwanja wa Royal Lytham & St Annes, mchezaji wa kulipwa Ian Woosnam alicheza shimo la kwanza vizuri mno, kisha akafika kwenye shimo la pili na kuambiwa na kedi wake (msaidizi anayebeba mfuko) kwamba mfuko una fimbo 15, kwa kuwa dreva ya pili aliyokuwa akiijaribu mazoezini ilikuwa imebaki humo. Aliadhibiwa mapigo mawili. Na wale wanaotaka kuchangia mfuko mmoja na rafiki ili kupunguza gharama, wafanye hivyo mazoezini tu, kwa kuwa kanuni hiyo hiyo haikuruhusu kupiga kwa fimbo ya mtu anayecheza uwanjani siku hiyo.

Jirani yangu anauza aironi alizorithi kwa mzee wake. Ni nyembamba, zinang'aa na bei ni ndogo. Nizichukue? (Msomaji, Arusha)

Kununua fimbo zilizotumika ni uamuzi mzuri, na ningependa wanaoanza wote wafanye hivyo. Hizo ulizozieleza, hata hivyo, usizichukue. Aironi nyembamba ya namna hiyo imekusanya uzito wake nyuma ya sehemu ndogo ya katikati, kwa hiyo ukiupiga mpira karibu na ncha, kichwa hujipinda na mpira hupoteza nguvu. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani na kuanzisha kampuni ya Ping, alianza mwaka 1959 kutengeneza fimbo za grini zilizogawanyiwa uzito kwenye kisigino na kwenye ncha, na baadaye akaihamishia fikra hiyo kwenye aironi. Tangu hapo anayeanza hana sababu ya kuteseka. Tafuta aironi yenye mgongo uliochimbwa, uzito ukabaki kingoni, na soli (upande wa chini wa kichwa) pana.

Lipo jambo jingine. Aironi namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinamo wa digrii 36 hivi, ilhali leo zipo za digrii 30 na hata pungufu, maana wauzaji wanataka uone kwamba namba 7 yao inaupeleka mpira mbali zaidi. Kwa sababu hiyo usichanganye aironi za seti mbili tofauti kwa kufuata namba peke yake. Uliza digrii. Weji ya kisasa inayokuja na seti inaweza kuwa na digrii 44, na ukiiweka karibu na weji ya mchanga ya digrii 56, unabaki na pengo kubwa mno katika eneo ambalo anayeanza hupoteza mapigo mengi zaidi.

Fimbo yoyote iliyotumika ikague hivi: izungushe shafti ukiiangalia kwa urefu wake uone kama imepinda, tafuta kutu pale inapoingia kichwani, na utikise kichwa usikilize kama kuna kinachocheza ndani. Mshiko uliokauka si kasoro kubwa, kwa kuwa hubadilishwa kwa gharama ndogo. Seti inayodaiwa kuwa mpya ya kampuni kubwa kwa robo ya bei ya dukani ni bandia, na muuzaji anajua hivyo.

Kedi wangu anasema shafti zangu ni ngumu mno kwangu. Yeye si mwalimu, nimsikilize? (Msomaji, Kampala)

Msikilize. Amekuona ukipiga, na mimi sijakuona. Shafti ngumu mikononi mwa mtu anayeizungusha fimbo polepole huurusha mpira chini na, kwa anayetumia mkono wa kulia, huuelekeza kulia. Wanaume wengi huchagua shafti ya herufi S (ngumu) kwa sababu ya fahari, wakati R (ya kawaida) au hata A (laini zaidi) ndiyo inayowafaa. Kwa upande wa pili, wauzaji huwapa wanawake wote shafti ya L (laini kuliko zote hizo) bila kuwatazama wakipiga, na jambo hilo si haki kwa mwanamke mwenye mzunguko wa kasi. Ninawakumbusha pia wanachama wapya kwamba makedi wetu wamejifunza mchezo huu kwa miaka mingi uwanjani, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walitokea miongoni mwao. Walipwe vizuri na waheshimiwe.

Mipira ya bei ghali itanisaidia? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, nunua ya tabaka mbili mpaka utakapomaliza mashimo 18 ukiwa na mpira uleule ulioanza nao.

Mwanangu ana miaka 8. Fundi anaweza kunikatia fimbo zangu za zamani zimtoshe? (Msomaji, Mombasa)

Tafadhali usifanye hivyo. Shafti ikikatwa huzidi kuwa ngumu, kichwa hubaki na uzito wa mtu mzima, na mshiko huwa mnene kwa viganja vyake. Mtoto hulazimika kuiinua fimbo kwa mwili mzima na hujenga mazoea ambayo mwalimu atapata taabu kuyaondoa. Fimbo 3 au 4 za watoto zinamtosha, na wazazi klabuni kwako huenda wanazo ambazo watoto wao wamezizidi kimo.

Je, kifaa cha kupima umbali kinaruhusiwa? (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo. Tangu 2019 Kanuni ya 4.3 inakiruhusu, isipokuwa kamati ya mashindano ikataze, na ilimradi umezima sehemu inayopima mwinuko wa ardhi. Kifaa hicho hakizingatii hewa nyepesi ya Nairobi, ambako mpira huruka mbali kuliko pwani. Ukishuka kucheza Nyali, Mombasa, chukua fimbo moja ndefu zaidi kuliko uliyozoea kwa umbali huo huo.