Ukuta unaoitika ukiguswa

SWALI: Nafundisha darasa la nne. Watoto wamerekodi sauti kwa simu (bawaba za mlango, matone ya maji, vicheko vyao wenyewe) na wanataka ukuta ambao mgeni akiugusa unaitika. Tuna kompyuta moja yenye Scratch (programu ya watoto ya kupanga amri kwa vipande viitwavyo bloku) na kibao cha Makey Makey, kinachounganisha vitu vya kugusa na kompyuta. Tulipojaribu, kila mtu aligusa apendavyo ikawa vurugu. Tufanyeje? – Mwalimu wa sanaa

JIBU: Mwalimu, kibao usikilaumu. Walichobuni Jay Silver na Eric Rosenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, hakijui sauti hata moja. Kazi yake ni kuiaminisha kompyuta kwamba kuna mtu kabonyeza kibodi au kipanya. Mbele kina nafasi sita za kuunganishia waya, kila moja sauti yake, na mimi nisingetaka hata moja zaidi. Waache watoto wabishane ni sauti zipi sita zibaki. Ubishi huo ndio somo lenyewe.

Ila kabla ya kubishana, wasikilize. R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki wa Kanada, aliwapa wanafunzi zoezi jepesi: kaa kimya, andika kila sauti unayoisikia. Wakishalifanya, utaona vicheko vya kuigiza vinatupwa vyenyewe.

Sauti zilizobaki zikateni ziwe fupi, sekunde mbili hivi. Katika Scratch tumia bloku inayocheza sauti hadi iishe. Ile nyingine, ya kuanzisha sauti tu, huirudisha sauti mwanzo kila kitufe kinapobonyezwa, na vidole vya watoto havina subira.

Sasa vurugu. Mtoto mmoja ashike waya wa ardhi (ule unaotoka kwenye kibao palipoandikwa EARTH), mwingine aguse ukuta, kisha washikane mikono. Saketi, yaani njia ya umeme, inapita mwilini mwao, kwa hiyo wasiposhikana hakuna kinacholia. Jaribuni na mnyororo wa watoto watano. Hapo hata yule mkorofi wa nyuma anatafutwa, maana mkono wake unahitajika. Umeme wenyewe ni volti 5 za USB, mdogo kabisa, lakini chomoa chaja, kompyuta itumie betri yake.

Ukutani, penseli laini kama 6B inapitisha umeme ikikolezwa sana. Mstari mwembamba utawaangusha, hasa ukiwa mrefu. Foili haina matatizo hayo, ingawa watoto huiona haina sura. Wachore kwa penseli, foili ipite nyuma ya karatasi na ichomoze pale pa kugusa tu.

Maandishi ya “gusa hapa” msiweke. Mgeni atafute mwenyewe.