Picha za anga, za angani au za ndege?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kikundi chetu kimekusanya maelfu ya picha. Nyingine tumezipiga kwa droni, nyingine zilipigwa kwa ndege miaka ya nyuma, na nyingine zinatoka kwenye setilaiti za Landsat na Sentinel-2. Tunataka kuzipanga na kuziweka mtandaoni ili yeyote azitumie, lakini tumekwama kwenye maneno. Mmoja anasema "picha za anga", mwingine "picha za angani". Halafu ukurasa wa kwanza tuliuandika hivi: "Shiriki picha za azimio la juu", mwenzetu mmoja akacheka mpaka akashika mbavu. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Aliyecheka ana haki yake, nitamfikia. Kwanza anga, maana hapo ndipo picha zenu zitakapopatikana au kupotelea.

Mzizi wa ugomvi wenu ni kale kaneno kadogo -a, ambako walimu wa sarufi hukaita a-unganifu. Kanabebeshwa kazi nyingi mno. "Picha ya Juma" ni picha anayoimiliki Juma, au aliyoipiga Juma, au inayomwonyesha Juma. Mkiwa mmekaa pamoja hakuna tabu, kwa sababu picha yenyewe mnaiona. Katika maelfu ya mafaili hamuioni; kilichopo ni jina tu, na mashine inayotafuta kwa herufi.

Kwa hiyo "picha za anga" msomaji anaweza kuzielewa kuwa picha zinazoonyesha anga: mawingu, radi, nyota, sayari. Mtu anayetafuta picha za darubini kubwa zinazochungulia anga za mbali atatumia maneno hayohayo, naye hana shida na mashamba wala paa za nyumba. "Picha za angani" ina nafuu. Hiyo -ni ya mwisho inaonyesha mahali, na matumizi yameshaizoesha kwa maana mnayoitaka. Hata hivyo puto lililopigwa picha likiwa linapaa nalo ni picha ya angani. Mkitaka kuziba mwanya wote, andikeni "picha za kutoka angani". Neno "kutoka" linamaliza ubishi kwa sababu linasema mpigaji, au mtambo wake, alikuwa wapi. Hilo ndilo ningeliweka kama jina la jumla, kisha chini yake mgawanye kwa vyombo.

Hapo kwenye vyombo pana shimo jingine, tena refu kuliko la kwanza. Msije mkaita folda "Picha za ndege"! Anayependa tai na njiwa atafika kwenu mbio. Atafuata mpenzi wa Boeing. Wa mwisho, amechoka, ndiye yule anayetaka picha zilizopigwa na kamera iliyofungwa chini ya ndege, ikiwa imeelekezwa ardhini. Maana tatu ndani ya neno moja, na mashine haiwezi kuzitenganisha. Andikeni "picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege". Ni refu, lakini urefu huo unafanya kazi.

Kuhusu droni, nasikia "zilizopigwa na droni" na "zilizopigwa kwa droni". Yote yanaeleweka. Mimi hupendelea "kwa", kwa sababu droni ni chombo mkononi mwa mtu aliyeirusha, ilhali setilaiti huzunguka na kupiga kwa ratiba yake, hivyo "na setilaiti" inakaa vizuri. Pana tahadhari moja tu: neno "picha" lisianguke njiani. "Maeneo yaliyopigwa picha kwa droni" ni ripoti ya upimaji. "Maeneo yaliyopigwa na droni" ni taarifa ya vita.

Je, "picha za setilaiti" nayo ina utata? Kisarufi, ndiyo, inaweza kuwa picha ya mtambo wenyewe ukiwa kiwandani. Kimatumizi, hapana. Wasemaji wameshaamua, na sarufi ikishindwa na mazoea ya wengi haina budi kukaa pembeni.

Mmeniuliza pia, kwa njia ya mzunguko, kuhusu kupanga. Kiswahili kina vitenzi vitatu hapa, na ninyi mmetumia kimoja tu kwa kazi zote tatu. Kupanga ni kuweka vitu katika utaratibu. Kuainisha ni kutenga kwa aina: droni huku, setilaiti kule. Kuorodhesha ni kuandika kilichopo ili kijulikane. Vikundi vingi huainisha kwa bidii, vikapanga folda ndani ya folda, halafu visiorodheshe chochote. Mtafutaji kwa kawaida haulizi chombo. Anauliza: mna picha ya mahali hapa, ya mwezi fulani? Swali hilo linajibiwa na orodha.

Tazameni wakubwa wanavyofanya. Picha za Landsat, ambazo zimekuwa zikikusanywa tangu 1972, zimegawanywa kwa namba za mapito na safu: siku hizi mapito 233 kuizunguka dunia na safu 248 katika kila pito, na kila picha inafunika eneo la kilomita 185 hivi kila upande. Za Sentinel-2 hukatwa katika miraba ya kilomita 110 hivi kila upande, ambayo kingo zake zinapandana kidogo. Hakuna jina la mji kwenye jina la faili. Mahali ni namba, wakati ni namba, na orodha ndiyo inayogeuza namba hizo kuwa jibu. Siku hizi upo utaratibu wa pamoja wa kuandika orodha kama hizo, uitwao STAC (SpatioTemporal Asset Catalog), ambao toleo lake la 1.0.0 lilitoka 2021. Kila picha inapewa ingizo lake: mipaka ya eneo, wakati wa kupigwa, na kiungo cha kuifikia. Mkiiita "katalogi" mko sawa, mkiiita "orodha" mko sawa, ila chagueni moja. Maelezo yaliyomo humo yaiteni "metadata". Neno limeshapata makazi. "Maelezo ya picha" liepukeni kwa kazi hii, kwani kwa wasomaji wengi hayo ni yale maneno yanayoandikwa chini ya picha gazetini.

Kuna jambo hamkuuliza, nami siwezi kulipita: saa. Tuseme kwenye jina la faili la Sentinel-2 mnakuta 20210715T074611. Ni tarehe 15 Julai 2021, saa ya kimataifa 07:46 na sekunde 11. Sasa mwandishi wenu ataandika kwenye maelezo "ilipigwa saa 7:46". Msomaji wa Kiswahili atasoma nini? Saa saba na dakika 46, mchana, jua limeshaanza kuinama. Kumbe kwa Afrika Mashariki, iliyo saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, picha ilipigwa asubuhi, saa nne na dakika 46, na vivuli vyake vimelala kwa namna ya asubuhi. Mtu anayepima urefu wa majengo kwa vivuli atapotoka vibaya. Kwenye metadata acheni namba za kimataifa kama zilivyo, zenye mwaka mbele, mwezi, kisha siku, maana mafaili yakipangwa kwa jina yatajipanga pia kwa tarehe. Kwenye sentensi za kusomwa na watu, andikeni "saa nne na dakika 46 asubuhi" kwa maneno. Saa za aina mbili zisichanganywe kwenye mstari mmoja.

Haya, tumfikie aliyecheka. "Azimio" ni uamuzi uliofikiwa na watu baada ya kujadiliana: Azimio la Arusha la 1967, azimio la mkutano mkuu. Picha haikai kikao. Kosa hili huenda limetoka kwenye tafsiri za mashine, kwa sababu Kiingereza kina neno moja, "resolution", kwa uamuzi wa mkutano na kwa wingi wa pikseli, na mashine ikashika maana ya kwanza iliyoikuta. Badala ya kuhangaika kutafuta nomino moja yenye sauti ya kitaalamu, semeni kinachopimwa: pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, inafunika kiasi gani cha ardhi. Kwa Landsat ni mita 30 katika bendi zake nyingi, yaani sehemu za mwanga ambazo kamera hupokea kila moja peke yake. Kwa Sentinel-2 ni mita 10 katika bendi zake nne zilizo kali zaidi. Kwa droni inayoruka chini ni sentimita chache. "Picha za mita 10" inatosha, na mtu wa fani ataelewa mara moja. "Ubora wa juu" nao siupendi. Picha ya nusu mita iliyojaa mawingu ina ubora gani kwa anayetafuta barabara? Ile ya mita 10 iliyo safi itamfaa zaidi.

Na hayo mawingu yana vituko vyake. Niliwahi kusoma tangazo lililosema "picha zetu zote ziko kwenye wingu". Kwa fani nyingine neno hilo limezoeleka na halina madhara. Kwa fani yenu, ambamo asilimia ya mawingu ni kigezo cha kwanza cha kuchagua au kutupa picha, ni kujitafutia balaa. Andikeni "kwenye seva za mtandaoni", na mawingu yabaki kuwa mawingu.

"Shiriki picha" je? Kushiriki ni kuwa mmoja wa watendao jambo: kushiriki mkutano, kushiriki mashindano. Mtu akiniambia ameshiriki picha, nitadhani alikuwa mmoja wa waliosimama mbele ya kamera. Najua simu nyingi zikiwekwa kwa Kiswahili zina kitufe kimeandikwa hivyo, na vijana wameshaanza kusema hivyo bila kusita. Huenda miaka ijayo nikashindwa, kama sarufi ilivyoshindwa kule juu. Kwa sasa lugha ina maneno yake. "Kuwashirikisha wenzako" ni sahihi, mradi mtu ndiye anayeshirikishwa. "Kugawana" haifai, kwa sababu vitu vinavyogawanwa hupungua, na faili likinakiliwa halipungui. "Kusambaza" inafaa mkitoa nakala kwa wengi. Lakini mnachofanya ninyi, kwa nilivyoelewa, ni kuziweka mahali ambapo mtu anajichukulia. Hiyo ni "kuziweka wazi kwa umma".

Tena siku hizi si lazima mtu apakue faili zima. Kuna mpangilio wa GeoTIFF, aina ya faili la picha linalobeba pia taarifa za mahali, uliotengenezwa kwa ajili ya seva za mtandaoni, kwa kifupi COG (Cloud Optimized GeoTIFF). Ndani yake picha imekatwa vipande na kuwekewa nakala zake ndogo ndogo zilizopunguzwa, hivyo programu inavuta kipande kinachotakiwa tu na kuliacha faili kubwa lilipo. Vipande hivyo viiteni "vigae" bila wasiwasi. Neno ni la zamani, la paa na la vipande vya chungu, na hapa limekaa kana kwamba lilikuwa likingoja.

Mkishaweka wazi, semeni pia mmeweka kwa masharti gani, na hapa msichanganye "bure" na "huria". Bure ni bila malipo. Huria ni kwamba umeruhusiwa kuitumia, kuigeuza na kuitoa tena. Picha nyingi zinazoonekana kwenye ramani za mtandaoni unazitazama bure, lakini huna ruhusa ya kuzichukua na kuzitoa upya. Za Landsat zilifunguliwa kwa wote bila malipo mwaka 2008, na zile zinazowekwa OpenAerialMap, hifadhi huria ya mtandaoni ya picha kama zenu, kwa kawaida huja na leseni ya CC BY 4.0, inayomtaka mtumiaji amtaje aliyezitoa. Hizo ni bure, na ni huria. Andikeni jina la leseni kwenye kila ingizo la katalogi, kwa sababu picha ikishanakiliwa kwingine, ukurasa wenu wa mbele hauifuati.

Ukurasa huo, basi, ningeuandika hivi: "Picha huria za kutoka angani, kuanzia sentimita chache hadi mita 30 kwa pikseli. Tafuta kwa mahali au tarehe." Na kwa kuwa mtaulizwa: setilaiti au satelaiti? Zote mbili zinaandikwa. Mimi hutumia setilaiti, na ngeli yake ni i-/zi-: setilaiti imerushwa, setilaiti zimerushwa. Nanyi tumieni moja kila mahali, lakini ile nyingine iwekeni kwenye maneno ya kutafutia, maana anayeandika satelaiti naye anatafuta picha zilezile.