Kifungu cha mahakama kisomwe kuanzia kwenye mali ya mdaiwa

Ninyi mnaoanza kushughulikia mikataba ya kibiashara inayovuka mipaka mtakikuta kifungu cha kuchagua mahakama karibu na mwisho, kimebanwa kati ya masharti ya kupeana taarifa na nafasi ya saini, nanyi mtashawishika kukinakili kutoka mkataba uliopita. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, hadi mteja wangu aliposhinda shauri katika mahakama tuliyoichagua wenyewe, kisha tukagundua kwamba mali yote ya mdaiwa ilikuwa katika nchi isiyokuwa na wajibu wowote wa kuitambua hukumu ile. Tangu hapo, kabla ya kuuliza ni mahakama gani inatufaa, huuliza kwanza hukumu itakwenda kukaziwa wapi, yaani kutekelezwa dhidi ya mali ya mdaiwa.

Swali hilo huwafikisha haraka kwenye Mkataba wa Hague, mkataba wa kimataifa wa Juni 30, 2005 kuhusu makubaliano ya kuchagua mahakama, ulioanza kutumika Oktoba 1, 2015 kati ya Umoja wa Ulaya na Meksiko. Singapore ilifuata mwaka 2016, na Uswisi Januari 1, 2025. Marekani ilitia saini mwaka 2009 na China mwaka 2017, lakini saini isiyofuatwa na kuridhiwa haiifungi nchi kutekeleza masharti yake. Kwa hiyo hakikini orodha ya nchi zilizoridhia siku ileile mnayoandika kifungu.

Mkataba huo huzungumza na mahakama tatu. Iliyochaguliwa lazima isikilize shauri, wala haiwezi kulikataa kwa hoja kwamba mahakama ya nchi nyingine ingefaa zaidi. Isiyochaguliwa lazima isitishe au itupilie mbali shauri lililofunguliwa mbele yake, isipokuwa kwa sababu chache, mathalani makubaliano kuwa batili kwa sheria ya nchi ya mahakama iliyochaguliwa, au kuyatekeleza kuleta dhuluma iliyo dhahiri. Ya tatu, ile inayoombwa kuitambua hukumu, hairuhusiwi kuusikiliza upya msingi wa mgogoro.

Ulinzi huu ni wa makubaliano “ya mahakama pekee”, yaani yale yanayozipa mahakama za nchi moja tu mamlaka na kuziondoa nyingine zote, na hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Chini ya Mkataba wa Hague, kifungu kinachotaja mahakama za nchi moja huhesabiwa kuwa cha mahakama pekee hadi wahusika waseme vinginevyo waziwazi. Nje yake, majaji wengi huanza kupima maneno yenyewe, na “zitakuwa na mamlaka” si sawa na “ndizo pekee zitakazokuwa na mamlaka”. Andikeni neno “pekee” hata pale mnapodhani halihitajiki. Kifungu kinachomruhusu mkopeshaji kushtaki popote huku mkopaji akifungwa na mahakama moja huwafurahisha mabenki, lakini mimi hukiogopa, kwa kuwa nafasi yake chini ya Mkataba ni dhaifu.

Msidhani pia kwamba kifungu kizuri humzuia mpinzani kukimbilia kwingine. Mwaka 2003, katika shauri la Gasser dhidi ya MISAT, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mahakama ya Austria, ingawa ilidaiwa kuwa ndiyo iliyochaguliwa, ilipaswa kuisubiri ya Italia kwa sababu tu shauri lilitangulia kufunguliwa huko. Wadaiwa wajanja waliitumia nafasi hiyo kununua muda, hadi Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215/2012 kuhusu mamlaka ya mahakama, iliyoanza kutumika Januari 10, 2015, ilipoipa mahakama iliyochaguliwa kipaumbele.

Kabla ya kutegemea lolote kati ya haya, someni orodha ya mambo ambayo Mkataba wa Hague umeyaacha nje: mikataba ya walaji, ya ajira, ufilisi, pamoja na usafirishaji wa abiria na mizigo. Mteja wenu akiwa msafirishaji wa makontena, itawabidi kuanza upya na sheria ya ndani ya kila nchi husika.