Mimi ni Mfupi: Lazima Nipasuliwe?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina mimba ya kwanza, wiki 30. Kliniki nimepimwa urefu, nina sentimita 147, na nesi ameandika kwenye kadi kwamba nisijifungulie zahanati. Mume wangu ni mrefu sana. Mama mkwe anasema nitapasuliwa tu, nipunguze kula ili mtoto asiwe mkubwa. Je, siwezi kuzaa kwa kawaida? – Msomaji, Singida

JIBU: Unaweza. Wanawake wengi wa kimo chako hujifungua kwa njia ya kawaida, ingawa ni kweli kwamba mama akiwa mfupi uwezekano wa upasuaji huongezeka. Sentimita 150 ni mpaka wa tahadhari. Wapo wafupi wenye nyonga pana, na warefu wenye nyonga finyu.

Tena nyonga ni nusu ya habari. Mtoto akiinamisha kidevu kifuani, sehemu ya kichwa inayopita ina upana wa takriban sm 9.5, akikiinua, huzidi sm 11. Mama yuleyule, mtoto yuleyule: akiinamisha kichwa anapita, akikiinua anakwama. Mifupa ya fuvu nayo hupandana kidogo wakati wa kushuka. Ndiyo maana jibu hupatikana uchungu ukishaanza. Hata kichwa kikiwa bado juu wiki ya 38, usiogope: kwa wanawake wengi wa Afrika huingia kwenye nyonga uchungu ukiwa umeanza.

Nesi wako amefanya sawasawa. Alama ile inahusu mahali pa kuzalia. Chagua hospitali, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Ukiwa unakaa mbali, sogea mapema, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito (chigonella). Usingoje uchungu uanze ndipo utafute gari.

Huko mkunga atajaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu: mlango wa kizazi unavyofunguka, kichwa kinavyoshuka (hupimwa kwa vidole juu ya kinena, kuanzia 5/5 kwenda 0/5), na mapigo ya moyo ya mtoto, ambayo kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Uchungu ukiwa mkali na wa karibu karibu, lakini njia haifunguki, kichwa hakishuki na fuvu linazidi kubanwa, huo ni uzazi pingamizi na upasuaji haukwepeki. Ukicheleweshwa, kizazi kinaweza kupasuka, au kibofu kikabanwa kwa muda mrefu hadi mama akapata fistula (tundu linalovujisha mkojo). Kwa hiyo tunakusihi usinywe mitishamba ya kuongeza uchungu: inakisukuma kizazi kwa nguvu bila kujali kama mtoto ana pa kupita.

Kuhusu mume, mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili, lakini mwili wa mama huzuia sana ukuaji tumboni. Mwaka 1938 watafiti wa Cambridge waliwapandisha farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland; majike wadogo walizaa watoto wadogo hata baba alipokuwa pandikizi.

Kula. Kujinyima hakupanui nyonga, na kunaweza kukuletea upungufu wa damu, hatari kubwa siku ya kujifungua. Kinachoweza kumkuza mtoto kupita kiasi ni kisukari cha mimba. Kipimo chake hufanywa wiki ya 24 hadi 28. Kama hukupimwa, kiombe wiki hii.

SWALI: Uzazi wa kwanza nilipasuliwa. Wa pili je? – Msomaji, Moshi

JIBU: Inategemea sababu. Kama mtoto alitanguliza matako, sababu hiyo huenda isijirudie. Kama kichwa kilikwama njia ikiwa imefunguka yote, nafasi ya kuzaa kawaida hupungua, ila haiishi. Kovu hupasuka kwa takriban mama 1 kati ya 200 wanaojaribu, hivyo jaribio lifanyike hospitali yenye chumba cha upasuaji tu. Nenda kliniki na karatasi ya ruhusa uliyopewa hospitali: humo mna sababu ya upasuaji na aina ya mkato, na mkato wa wima kwenye kizazi haujaribiwi.